Somo: Nani atawafungisha ndoa? Muulizeni leseni kabla ya kulipia ukumbi

Kamati zetu za harusi hapa Tanzania huanza na ukumbi, keki na MC. Mfungishaji hukumbukwa mwishoni: "Si mchungaji yupo?"

Hatua ya 1: Kubalianeni aina ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ya dini, ya kimila na ya bomani, ile inayofungwa na msajili kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya.

Hatua ya 2: Ulizeni leseni. Joho peke yake halifungishi ndoa. Kiongozi wa dini hupewa leseni na Serikali kupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa. Semeni kwa adabu: "Baba mchungaji, shikamoo. Kamati inaandaa nyaraka, tunaomba namba ya leseni yako." Asiye nayo utamsikia anazunguka. Rafiki yangu aliona aibu kuuliza, akapewa cheti cha steshenari, kina maua pembeni na mhuri wa zambarau. Miaka mitatu baadaye alipotaka kumwandikisha mkewe kwenye bima ya afya, karatasi ikarudishwa palepale dirishani.

Hatua ya 3: Hesabuni siku. Taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa siku 21 kabla, na Wakatoliki hutangaziwa Jumapili tatu.

Hatua ya 4: Kaeni naye ana kwa ana. Mpeni majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi. Na ulizeni atahubiri dakika ngapi, msione haya. Nimeshasubiri mahubiri ya saa moja na nusu, pilau imepoa.

Maswali ya wanakikundi

Swali: Mjomba ni mchungaji Kenya. Anaweza kutufungisha Moshi?
Jibu: Ahubiri, aombe, awawekee mikono. Viapo na saini mwachieni mwenyeji mwenye leseni. Mwambieni mapema, asije akajua madhabahuni.

Swali: Sisi Waislamu. Baba anataka kuniozesha mwenyewe.
Jibu: Ndiye walii wako, yaani msimamizi wako wa ndoa, ana haki hiyo, wengi humwachia sheikh tu aozeshe kwa niaba yao. Ila sheikh mwenye kitabu cha vyeti awepo aandike, na mashahidi wawili watie saini.

Swali: Bahasha ya mfungishaji iwe kiasi gani?
Jibu: Bomani ni ada, dai risiti. Kanisani kaulize ofisi ya usharika. Kwa sheikh wa mtaani kwenu, muulize mzee anayemfahamu, na nauli ya bodaboda iwe mbali na bahasha.