Vigae vya vinundu kwa waenda kwa miguu: kuchora, kumwaga na kulaza

Vigae hivi vina kazi mbili tu. Vinundu humwambia asiyeona asimame: mbele kuna barabara, ngazi au ukingo wa jukwaa la mwendokasi. Mistari iliyoinuka humwambia aendelee, uelekeo ni huu. Seiichi Miyake wa Japani alivibuni mwaka 1965, na vikalazwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Vinasomwa kwa unyayo na ncha ya fimbo nyeupe, kwa hiyo milimita moja ina uzito. Kigae kilicholazwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu mtu anakiamini.

Hatua ya 1: Mchoro
Kigae kiwe mm 300 kwa 300, unene mm 60. Weka vinundu 36, sita kwa sita: kitako mm 25, kichwa mm 15, kimo mm 5, na mm 50 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Katikati ya vinundu vya safu ya kwanza pawe mm 25 kutoka ukingoni, ili vigae viwili vikikutana nafasi isibadilike. Wengi wanakosea hapa, na mguu unahisi pengo.

Kigae cha mwongozo, yaani kile cha mistari, kina mistari minne, mm 75 katikati hadi katikati, kila mmoja na urefu wa mm 280. Nafasi inayobaki kwenye ncha ndiyo njia ya maji. Kimo ni kilekile. Kikiwa chini ya mm 4, mwenye viatu vya soli nene hahisi kitu. Kikizidi mm 5, mzee anajikwaa.

Hatua ya 2: Kalibu
Ya plastiki ngumu au faibaglasi. Ubavu wa kinundu uwe na mteremko, la sivyo kichwa kinabaki kwenye kalibu. Paka mafuta safi, mepesi. Oili chafu ya gari inaacha madoa kwenye rangi ya njano ya kigae.

Hatua ya 3: Kumwaga
Tabaka la uso, mm 15: mfuko mmoja wa saruji (kilo 50), ndoo tatu na nusu za mchanga uliochekechwa, kilo 2.5 za rangi ya njano ya oksaidi ya chuma. Unatosha vigae kama 50. Saruji nyeupe inatoa njano inayoonekana; ya kijivu inaifubaza. Tikisa hadi mapovu yaishe, kisha jazia mgongo kabla uso haujakauka: mfuko mmoja, ndoo mbili na nusu za mchanga, nne na nusu za kokoto ndogo. Ndoo ni za lita 20. Maji yasizidi lita 20 kwa mfuko. Ukizidisha, vinundu vitamomonyoka.

Fungua kalibu kesho yake. Weka vigae kivulini na uvimwagilie siku 7, maana jua la Dar linakausha uso kabla saruji haijashika. Subiri siku 28 ndipo vikanyagwe.

Hatua ya 4: Kulaza
Shindilia kifusi, weka kokoto mm 100, kisha mchanga mm 30. Mteremko uwe sm 2 kwa kila mita. Vinundu vianze sm 30 kabla ya ukingo wa barabara, safu mbili, yaani sm 60. Safu moja mtu anairuka kwa hatua moja. Pande zote mbili za mistari acha sm 60 wazi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mchanga wa baharini unafaa?*
Hapana. Chumvi inatoka juu kama unga mweupe na kuiua njano. Tumia wa mtoni, uuoshe kama una udongo.

*Peving ya hapa kwetu tayari ni ya njano. Nifanyeje?*
Tumia rangi iliyo mbali nayo, mfano kijivu kilichokoza. Wengi wenye uoni hafifu bado wanaona tofauti ya weusi na weupe.

*Bodaboda wanapanda juu, vinavunjika.*
Penye vyombo vya moto tumia mm 80, na uweke nguzo, kati ya moja na nyingine pabaki sm 120 ili kiti cha magurudumu kipite. Nguzo zisisimame kwenye mistari.

*Njia inakutana na mfuniko wa chemba, na mbele kuna meza za wafanyabiashara, kama Kariakoo.*
Chora mstari upite pembeni ya chemba tangu mwanzo. Penye kona weka vigae vya vinundu. Meza zikubalianwe kabla ya kulaza, na wenye meza waelezwe kazi ya ile mistari.