SOMO: Jinsi ya kutangaza mwenyewe nyumba unayouza, bila dalali (Dar)

Wakuu, swali hili nalijibu kila wiki kwenye meseji. Naliweka hapa mara moja.

1. Bei. Ulizia nyumba zilizouzwa mtaani kwako, siyo zinazotangazwa. Zinazotangazwa zimeshabeba cha juu cha dalali.

2. Fyeka nyasi, anua nguo kambani, fagia.

3. Picha. Laza simu, simama kwenye kona ya chumba. Mbele ya nyumba piga picha jua likiwa nyuma yako. Piga na barabara ya kuingilia. Wengi huiacha, na mnunuzi wa pembezoni mwa jiji, kama Kivule, huanza na hiyo: mvua ikinyesha, gari inafika?

4. Maneno. "Nyumba kali, eneo zuri" hayamwambii mtu kitu. Andika hivi:

"Nyumba inauzwa, Mbezi Msakuzi. Vyumba 3, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, choo cha wote. Kiwanja mita za mraba 600, kimepimwa, kina hati. Maji ya bomba, tangi lita 5,000. Mita 800 kutoka lami. Milioni 95, maongezi yapo. Mmiliki anauza mwenyewe, kuona ni bure."

Kama kiwanja kilipimwa kwa hatua, kipime upya kwa tepu. Kama ulichonacho ni leseni ya makazi au mkataba wa serikali ya mtaa, andika hicho hicho, usiite hati.

5. Hati. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, someni taratibu. USIWEKE picha ya hati mtandaoni, hata ukifunika jina. Tapeli akipata namba ya hati, kiwanja na kitalu, anachapa nakala, anatengeneza kitambulisho, anakusanya advansi kwa watu wawili watatu, nao wanakuja getini kwako kudai nyumba. Yale maandishi ya rangi nyekundu ukutani, NYUMBA HII HAIUZWI, hayakuandikwa kwa kupenda. Fanya hivi: mnunuzi aone nyumba kwanza. Akirudi mara ya pili, aishike hati halisi mbele yako, asiipige picha. Mpe namba ya hati, kiwanja na kitalu akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Huko ataona jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Ikidaiwa nakala, andika kwa kalamu kwenye nakala hiyo, juu ya maandishi yake, katikati ya karatasi: KWA UPEKUZI TU, na tarehe.

6. Tumia laini ya simu ya peke yake. Onyesha nyumba mchana, mkiwa wawili.

MASWALI

— Mkuu hiyo ya Msakuzi bado ipo?
Huo ni mfano. Soma tena.

— Mke wangu hajui bado, naweza kuanza kutangaza? Hati ina jina langu.
Usitangaze. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina lako peke yako.

— Madalali wananipigia wakijifanya wanunuzi. Niwajueje?
Swali zuri. Uliza: "Unalipa taslimu au kwa mkopo wa benki, na utakuja kuona lini?" Dalali atajibu "nina mteja". Usimtukane. Mwambie bei yako ni moja, ujira wake adai kwa mteja wake, na asiitangaze kwa bei nyingine. Mnunuzi akiona nyumba moja kwa bei tatu anahisi utapeli, anakimbia.

— Nipake rangi kwanza?
Geti na ukuta wa mbele tu. Penye chumvi (ule unga mweupe wa unyevu) chini ya ukuta usifunike kwa rangi, itabanduka wiki chache tu.

— Hiyo chumvi inatokaje, mkuu? Ninayo chumba cha nyuma.
Isugue kwa brashi ya waya ikiwa kavu. Usiioshe, maji huirudisha ndani ya tofali. Kisha tafuta unyevu unakotoka: bomba linalovuja, maji ya mvua yanayotuama ukutani, au msingi usiowekwa nailoni. Ukishaziba, bandua plasta hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, acha tofali likauke, ndipo upige plasta mpya. Usipofika huko, mwambie mnunuzi na upunguze bei.