Kuomba MBA Ukiwa Bado Mwanafunzi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wengi wa wanafunzi ninaowaongoza hunijia baada ya mahafali, wakiamini kwamba kukosa uzoefu wa kazi ndiko kunakowazuia kusomea MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) katika shule za biashara za Marekani, ilhali njia iliyotengwa kwa wasio na uzoefu ilikuwa wazi walipokuwa mwaka wa mwisho wa chuo.

Hatua ya 1: Chagua njia. Katika mpango wa 2+2 wa Harvard, unaomba kabla hujahitimu, na ukikubaliwa unafanya kazi kwa miaka isiyopungua 2 wala kuzidi 4 ndipo uanze masomo. Silver Scholars ya Yale huchukua wanafunzi moja kwa moja kutoka chuoni, huwapeleka kazini baada ya mwaka wa kwanza wa masomo, kisha huwarudisha kumalizia shahada.

Hatua ya 2: Fanya GMAT au GRE, mitihani ya kuombea nafasi katika shule hizi, mapema, hesabu zikiwa bado kichwani. GMAT ya sasa ina sehemu 3 za dakika 45 kila moja, alama zake huanzia 205 hadi 805, na matokeo hudumu miaka 5. Jiandikishe kwa majina yaleyale yaliyo kwenye pasipoti, kwani yakitofautiana unaweza kurudishwa mlangoni na ada yako ikapotea.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi wa dhamana uliyowahi kubeba. Hapa ndipo maombi mengi hudhoofika, kwa sababu mwombaji huorodhesha vyeo na kusahau kazi. Kijana mmoja niliyemsaidia alijaza wasifu wake semina na vyeti, lakini hakugusia kabisa kwamba aliendesha steshenari karibu na mabweni, akamlipa msaidizi mshahara, na akalazimika kupanga bei upya mashine yake moja ilipoharibika wakati wa mitihani. Tulifuta nusu ya semina, tukaiandika steshenari kwa takwimu: mtaji, mauzo ya mwezi, na uamuzi alioufanya pamoja na matokeo yake. Mhasibu wa kikoba au msimamizi wa shamba la familia afanye vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Tafuta waandishi wa barua za mapendekezo waliokuona ukifanya kazi. Msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, anayeweza kusimulia kosa ulilolirekebisha, anafaa kuliko mkuu wa kitivo anayekujua kwa namba ya usajili tu (na ambaye, kwa uzoefu wangu, atakuomba uiandike mwenyewe). Mpe miezi 2.

Hatua ya 5: Wasilisha. Dirisha la mipango ya namna hii kwa kawaida hufungwa mwezi Aprili, hivyo ni vyema mtihani uwe umekwisha kufikia Desemba, nawe ubaki na insha pekee. GPA (wastani wa alama zako za chuo) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupimwa kwa kipimo cha 5. Iandike kama ilivyo kwenye transkripti bila kuigeuza kuwa ya 4, na utaje kipimo chake.