Mratibu wa harusi: kazi ipi umlipe aifanye, ipi ubaki nayo mwenyewe

Mdogo wangu alipofunga ndoa, kiapo chake sikukisikia. Nilikuwa nyuma ya ukumbi nimepiga magoti, natafuta soketi yenye umeme, maana mpiga muziki alikuja na spika mbili kubwa na waya wa mita tatu tu. Watu waliposhangilia ndipo nikajua wameshakuwa mume na mke. Hatukuwa na mratibu. Nyumbani walisema "dada atasimamia", nami nikaitikia kwa furaha, maana mambo ya kupangapanga ndiyo starehe yangu.

Tangu hapo nimeshika mkono harusi kadhaa za ndugu na marafiki, nyingine zikiwa na mratibu wa kulipwa, nyingine zikiendeshwa kindugu. Swali wanaloniletea halibadiliki: tutafute mtu, na tumwachie kazi ipi? Huwa nawapa karatasi na kalamu kwanza.

Msiandike orodha ya kazi. Kila mtu anayo hiyo, na haisemi chochote: ukumbi, mapambo, magari, picha. Andikeni maswali. Anzeni na saa mtakayoamka siku ya harusi, mshuke nusu saa kwa nusu saa hadi taa za ukumbi zizimwe, na kila hatua mjiulize ni nani atakuja kuuliza nini. Gari la maua liegeshwe wapi? Pete ziko kwa nani? Bibi asiyeweza ngazi apitie mlango gani? Meza ya saba imepungukiwa viti viwili, vinatoka wapi? Mpambaji anadai salio lake, bahasha anayo nani? Zawadi zinalala wapi? Viti vya kukodi vikirudishwa usiku, nani anasimama kuvihesabu?

Sasa mbele ya kila swali wekeni jina la atakayejibu. Majina mawili hayaruhusiwi: lako na la mwenzako. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Jina likirudi mara moja au mbili, ni msaada wa kawaida wa ndugu. Likirudi mara kumi, huyo si mgeni tena, ni mfanyakazi wenu wa siku nzima, na ama mumwambie hivyo mapema akubali kwa hiari yake, ama mtafute wa kulipwa. Mimi sikuambiwa.

Watu hupima haja ya mratibu kwa wingi wa wageni, na hapo nadhani wanakosea. Pima kwa idadi ya watoa huduma na idadi ya mahali mtakapohamia. Wageni 250 katika hoteli yenye chakula chake, viti vyake, jenereta yake na wahudumu wake ni mzigo mwepesi kuliko wageni 40 kwenye bustani tupu, ambako umeme, maji, vyoo, taa na hema la mvua vyote vinaletwa na watu tofauti kwa magari tofauti. Bustani hupendeza sana kwenye picha. Nyuma ya picha ile kuna mtu anayepiga simu ya choo.

Huduma zenyewe ziko za namna tatu. Ya kwanza huitwa mratibu wa siku, jina ambalo limewaponza wengi. Mzuri haanzi siku hiyo. Anaingia wiki nne hadi sita kabla, anasoma mikataba yenu, anampigia kila mtoa huduma kuhakikisha saa na anwani, anatengeneza ratiba, anakuja kwenye mazoezi. Akikwambia "nitafika asubuhi, msijali", ujue maswali yote ya ile karatasi atakuuliza wewe, ukiwa unapambwa. Ya pili ni ya kati: mmeshapata ukumbi na baadhi ya watu, mmekwama, anawashika kuanzia hapo. Wengine hukubali pia kulipwa kwa saa chache tu za ushauri, na kama tatizo lenu ni mikataba na bajeti, saa tatu za mtu mzoefu zinaweza kutosha.

Ya tatu ni kumkabidhi mtu harusi yote tangu siku ya kwanza. Hiyo naishauri kwa wanaofunga ndoa mji wasioishi, kwa wanaotoka kazini wote wawili usiku wamechoka, kwa ile bustani tupu, na kwa familia zisizoelewana. Hapo mtu asiye wa ukoo anaweza kusema "haiwezekani" bila mtu kununa mwaka mzima.

Sasa, msimamizi wa ukumbi. Utaambiwa "sisi tunaye mratibu wetu, yumo kwenye bei". Yumo kweli, lakini ameajiriwa na ukumbi. Atahakikisha milango imefunguliwa, viti vimepangwa na umeme upo. Zipu ya gauni ikikatika au mpiga picha akichelewa, hilo si lake. Muulize: wewe mwenyewe utakuwepo mpaka saa ngapi? Rafiki yangu hakuuliza. Zamu ilibadilika saa moja jioni, akaletwa kijana mpole asiyejua ufunguo wa chumba cha zawadi uko wapi. Waliupata saa sita usiku.

Kwenye malipo, wengine hutaja kiasi kimoja, wengine hulipwa kwa saa, wengine asilimia ya bajeti. Hao wa asilimia si wezi, ila ona hesabu ilivyo: ukitumia zaidi, naye anapata zaidi. Ombeni kiwango cha juu kisichovukwa, kiandikwe. Halafu uliza, ukimtazama usoni: ukinipeleka kwa mpambaji huyu, unapata chochote kutoka kwake? Wapo watakaosema ndiyo na kukupunguzia kiasi hicho kwenye ankara yako. Aliyebabaika nisingemwajiri.

Kabla ya kusaini, mtake aandike jina la atakayekuwepo siku hiyo (si "timu yetu"), kama ana harusi nyingine siku hiyohiyo, nani atakuja yeye akiugua, na saa zikizidi mtalipaje. Kwa wageni wengi, uliza ana wasaidizi wangapi. Kisha omba kuona ratiba ya harusi aliyowahi kusimamia, majina yakiwa yamefichwa. Mimi humpima mtu hapo. Kama ibada inaisha saa tisa na picha zinaanza saa tisa, huyo anadhani wageni wana mabawa. Ratiba ya aliyekomaa ina dakika 15 tupu hapa na pale.

Pesa ikiwa kidogo, pangeni wenyewe kila kitu na mlipie mratibu wa siku tu. Hata hiyo ikishindikana, chagueni mtu asiyetakiwa kwenye picha za familia, mfanyakazi mwenzako kwa mfano, mumpe msaidizi mmoja, ratiba iliyochapwa, na bahasha za malipo zenye majina juu. Si mama. Mama mwacheni akae.

Orodha ya wageni msimpe mtu, hata awe hodari vipi. Mratibu anaweza kupanga meza 20 kwa mstari ulionyooka, ila hajui ni shangazi yupi hasalimiani na yupi.

Mimi ilipofika zamu yangu nilichukua mratibu wa siku, wiki tano kabla. Kikao cha mwisho alinitaka nifute namba yangu kwa watoa huduma wote niweke yake, kisha akauliza, "Simu yako atashika nani?" Nikampa yeye. Usiku aliponirudishia aliniambia amepokea simu 23, nyingi zikiwa za dereva mmoja aliyepotea njia na wajomba zangu watano ndani ya gari. Nilikuwa nimewaona mezani, wanacheka. Wala sikujua walichelewa.