Somo: Ombi lako la data za elimu na ajira linapitia wapi likishafika serikalini

Wadau, habari za wakati huu. Ombi likikaa kimya wengi husema "wamenibania". Mara nyingi hakuna aliyekubania. Ofisi bado haijaelewa unatafuta nini. Natumia mfano wa Marekani, ambako majimbo mengi yana mfumo unaomfuata mwanafunzi kutoka shuleni hadi kazini.

1. Tazama kwanza kilichokwishatoka. Ofisi zinazotunza mifumo hii huchapisha majedwali ya wahitimu na mapato yao. Jibu likiwa humo, umeokoa miezi.

2. Andika swali kabla ya orodha. "Naomba data zote za wanafunzi za miaka 10" ni kuvua kwa kokoro. Andika hivi: "Waliosoma kozi za ufundi sekondari wanapata kipato gani miaka 3 baada ya kumaliza, wakilinganishwa na wenzao?" Kisha eleza kazi ya kila safu unayoomba, yaani kila aina ya taarifa. Ukitaka tarehe ya kuzaliwa utaulizwa: mwaka peke yake hautoshi? Ukitaka jina la shule: kwa nini isiwe wilaya? Ukijibu "huenda itanifaa baadaye", safu hiyo ihesabu imekwenda.

3. Mapitio ya kisheria. Hapa ndipo muda unapoliwa. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za wanafunzi. Bila ridhaa, taarifa zinazomtambulisha mtu hutoka kwa milango michache tu, kama tathmini ya programu za elimu au utafiti unaofanywa kwa niaba ya taasisi za elimu. Data za mishahara zina sheria zake, kwa kuwa chanzo chake ni taarifa ambazo waajiri hupeleka kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira. Kwa hiyo ombi moja laweza kupita idara mbili au tatu, kila moja na mwanasheria wake. Mmoja akikubali, bado hujafika.

4. Mkataba. Unataja nani atazigusa data, zitakaa wapi na zitafutwa lini. Kwa kawaida chuo chako ndicho kinachosaini, kwa hiyo mtafute mapema mwenye mamlaka ya kusaini.

5. Kuunganisha rekodi za shule na za mishahara. Kazi hii ni ya ofisi. Majina na namba za hifadhi ya jamii huondolewa, unapewa namba za kubuni.

6. Ukaguzi wa matokeo. Ofisi nyingi hutaka kuyaona kabla hujachapisha, na namba ndogo hufichwa ili mtu asitambulike. Tuseme kozi ina wanawake 4 na wanaume 31, jumla 35. Ukificha ile 4 ukaacha 31 na 35, hata mtoto wa shule atatoa na kuipata. Ndiyo maana hufichwa namba ya pili pia. Watafiti hulalamikia sana jambo hili, ila hapa nasimama na ofisi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, theluthi ya wahitimu kwenye data zangu hawana mshahara. Niandike hawana kazi?*
Usithubutu, ndugu yangu. Rekodi hizo huletwa na waajiri wa jimbo husika kila robo mwaka. Aliyehamia jimbo jingine, aliyejiajiri, mwanajeshi na mtumishi wa serikali kuu hawamo. Andika "hawakuonekana kwenye rekodi".

*Mbona sioni kazi wanazofanya?*
Katika majimbo mengi mwajiri huripoti kiasi alicholipa, si cheo cha mtu. Unachopata ni sekta ya mwajiri, kwa hiyo muuguzi na mhasibu wa hospitali moja watakaa kapu moja.

*Wameniambia nilipie. Hiyo si chai kweli?*
Hapana dada, ofisi kadhaa hutoza saa za mchambuzi. Omba makadirio kwa maandishi kabla ya kusaini chochote.

*Wamenikatalia data za mtu mmoja mmoja. Ndiyo basi?*
Bado. Omba wakutengenezee jedwali la jumla kwa wilaya au kwa kozi. Namba ndogo zikishafichwa, halina mtu wa kutambulika, kwa hiyo halizungushwi sana. Hutaweza kulifanyia uchambuzi wote uliopanga, lakini tasnifu nyingi zinatoshwa na hilo.