Ingia na ndoo yako mbovu: namna ya kujitambulisha kwa watu wa bustani na kazi za mikono mtandaoni

Utambulisho wangu wa kwanza kwenye grupu la WhatsApp la watu wa bustani na ufumaji ulijibiwa na mtu mmoja, tena kwa stika ya maua. Nilikuwa nimeandika jina langu kamili, kata, idadi ya watoto, kazi yangu (fundi cherehani, Magomeni, Mtwara mjini), na mwisho nikamalizia: "Natumaini kujifunza mengi kutoka kwenu." Nikakaa na simu mpaka usiku. Kimya.

Siku ya tatu nilipiga picha ya nyanya zangu kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Zilikuwa zimeoza kitakoni, nyeusi kama zimekaa kwenye lami. Nikaandika tu: "Jamani, hizi zinaumwa nini?" Nilipomaliza kuanika nguo nikakuta majibu 19, sauti 4, na mama mmoja wa Lindi ananiuliza kama ndoo yangu ina matundu. Haikuwa nayo. Tangu siku hiyo naitwa Mama Nyanya, na Wakenya wawili waliomo humo, ambao kwao nyanya ni bibi, kila wakiliona wanauliza kama nina wajukuu.

Sasa admini amenitwika kazi ya kupokea wageni, kwa hiyo haya ninayokuandikia ndiyo ninayowaambia kila wiki.

Kwanza, usiandike siku ile ile uliyoingia. Soma ya nyuma, siku mbili tatu. Angalia watu wanavyoamkiana, nani anaitwa mwalimu, nani anataniwa na nani, na sauti za dakika ngapi zinavumiliwa. Halafu ukija, amkia. "Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine" haijawahi kumponza mtu. Nasema hivi kwa sababu picha ya wasifu haina umri. Niliwahi kumwandikia mtu wa Newala "pole mdogo wangu" kwa kuwa picha yake ilikuwa ya binti aliyevaa sare ya shule. Akanijibu: "Marahaba." Sikuwa nimemwamkia. Kumbe binti yule ni kitukuu chake.

Baada ya salamu, sema uko wapi, lakini si kwa namna ya kumwelekeza mtu mpaka mlangoni. Tunachotaka kujua ni udongo wako na maji yako. Aliye Shangani, hapa Mtwara mjini, ana mchanga unaokunywa maji kabla hujageuka, na pengine kisima chenye chumvi inayounguza ncha za majani. Aliye juu Newala ana hewa ya baridi na ukungu wa asubuhi, lakini maji anayahesabu kwa ndoo, maana kule chini ya ardhi yako mbali mno. Na sisi wote wa Mtwara na Lindi mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Usipolisema hilo, mtu wa Tanga atakuelekeza uoteshe mbegu za masika na tena za vuli, nawe utabaki unaisubiri vuli isiyokuja.

Kisha onyesha kitu kimoja ulicho nacho mkononi sasa hivi. Kimoja. Wageni wengi wanaleta picha 12 za vitambaa vilivyokamilika, vimetandikwa kwenye makochi, na sisi tunabaki kusema "hongera" na "masha Allah" basi. Hongera haina pa kuendelea. Lete kilichokushinda katikati. Kaka mmoja mchongaji aliingia na picha ya kipande cha mpingo ambacho weupe wa nje ulikuwa umepita mahali alipotaka shavu la mzee. Akauliza: "Nifiche au niache?" Tulibishana siku mbili, hata sisi ambao hatujawahi kushika patasi. Mwisho akauacha, ukawa mvi za ndevu. Mtu yule hakuwahi kutueleza amesoma wapi wala ana watoto wangapi, na hakuna asiyemjua.

Utambulisho mzuri nilioupokea mwezi huu ulikuwa hivi, nimeuomba kwa mwenyewe:

"Shikamooni, habari za leo. Mimi niko Mikindani, maji yangu ya kisima yana chumvi kidogo. Nasuka ukili wa mikeka kwa chane za ukindu, mama yangu ndiye aliyenifundisha. Nina mchicha kwenye viroba 6 vya mchele. Viroba 2 vya ukutani majani yanakauka pembeni, vingine vizima. Picha hiyo. Anayetaka kujua kuchemsha rangi ya ukili aniulize, hilo naliweza."

Ameomba kimoja na ameahidi kimoja. Lile la mwisho wengi wanalisahau. Hata kama unachokijua ni kukunja pindo la shuka bila kulipindapinda, kiseme.

Sasa picha, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapopoteza msaada. Mmea upige asubuhi, jua halijawa kali, simu imeegeshwa kwenye kitu isitetemeke. Weka kiberiti au kidole kando ili tujue ukubwa. Geuza jani, upige na tumbo lake, kwa sababu vidukari na wadudu wenzao hawakai juu wanakoonekana, wanakaa chini kwenye kivuli. Piga na shina linapoingia kwenye udongo.

Kazi ya mkono nayo ina tumbo lake. Mtu anayejua kufuma hatauangalia uso wa kitambaa chako, atakuomba mgongo. Mgongoni ndiko kuna mafundo, nyuzi zilizorukwa, mahali ulipobadili mkono baada ya kuitwa jikoni. Mimi nilituma ua la kitambaa cha meza ambalo kila nikilitandika linajikunja kama bakuli. Usoni lilikuwa zuri tu. Bibi wa Newala (yule yule wa marahaba) akasema geuza. Nikageuza. Akaniambia nihesabu vitanzi vya duara la tatu na la nne. Vililingana. Duara linapopanuka lazima vitanzi viongezeke, vikilingana uzi unavuta ndani na kazi inasimama kama kikombe. Nilifumua usiku ule ule, na ndipo nilipoanza kumwita bibi kwa kumaanisha. Kwa ukili ni hivyo hivyo: piga ukingo wake kwa karibu, useme umesuka kwa chane ngapi na umefika pima ngapi. Picha ya mkeka mzima kutoka mlangoni haimwambii msusi kitu.

Wakati nao una maana. Kuanzia Oktoba, nusu ya watu wetu wako chini ya mikorosho wanaokota, na jioni mazungumzo ni mnada na bei. Ukijitambulisha wiki hiyo hutaonekana. Mwezi wa sita na wa saba vilevile kuna watu wanaopuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Hao wanarudi usiku wamechoka. Mwezi wa Ramadhani grupu linaamka baada ya futari, na huo kwa kweli ndio wakati ninaoupenda kuliko yote, sindano mkononi, simu imelazwa juu ya mto.

Ukishajibiwa, kazi ndiyo inaanza. Rudi na mrejesho. Nyanya zangu: watu 11 waliniambia nitie majivu, wawili wakataja dawa ya dukani. Mama wa Lindi hakutaja dawa, aliniuliza namwagilia lini. Nikasema ukweli, kwamba kukiwa na oda za sare za harusi naweza kupitisha siku mbili, halafu nafidia kwa ndoo nzima. Akaniambia kule kuoza kitakoni si ugonjwa wa kuambukiza, ni tunda kukosa kalsiamu kwa sababu maji yanakuja kwa kishindo na kukatika, mmea haupati kuinyonya sawasawa. Nikatoboa ndoo, nikatandaza nyasi kavu juu, nikawa namwagilia kidogo kila asubuhi kabla sijafungua cherehani. Zilizokwisha kuoza hazikupona. Zilizofuata zilitoka safi, nikapiga picha, nikamtaja yeye. Hapo ndipo alipoanza kuniuliza habari za watoto.

Na kama ushauri haukusaidia, sema pia, kwa adabu: "Mwalimu, nilifanya, ukafa. Hebu tutazame tena." Usinyamaze. Anayenyamaza anatufanya tumwelekeze vibaya na mwenzake.

Sauti fupisha. Kuna wazee hawasomi maandishi madogo, wao ndio wenye haki ya sauti ndefu. Wewe unayesoma haya andika, bando la watu ni hela. Na dawa ambayo hujaijaribu usiitoe. Kama umeisikia, sema umeisikia.

Kuhusu chemba: usimfuate mtu pembeni kabla hujaongea naye mbele za watu mara kadhaa, na umwombe ruhusa kwanza. Akikufuata mtu na mbegu za ajabu za kulipia, au akikuandikia hela itumwe kwenye namba nyingine, mlete kwa admini. Nyumba yako usiielekeze. Kuonana tunaonana kwenye Nanenane pale viwanja vya Ngongo, Lindi, watu wamejaa na kila mtu ana njia yake ya kurudi. Mwaka ule wa kwanza nilimtambua bibi kwa kitambaa alichojifunika begani, nikamwamkia mapema kabla hajaniwahi.

Mkishazoeana mtaanza kutumiana vitu kwa basi. Marando ya matembele yapunguze majani, yafunge kwa kitambaa kibichi cha kanga kuukuu kisha mfuko wenye matundu. Mtwara hadi Lindi yanafika yakiwa hai kabisa. Mbegu zitie kwenye karatasi, usizitie kwenye nailoni zikiwa na unyevu, na uandike jina lake na mwezi uliozivuna. Niliwahi kupokea bahasha imeandikwa "mbegu" basi. Nyeusi, bapa, nikajua matikiti, nikazipanda nyuma ya choo na kuwaahidi watoto. Yakapanda ukuta, yakashika paa, yakaning'iniza madodoki 30 na ushee. Mtaa mzima sasa unaogea kwangu, na aliyetuma bahasha hajajitokeza mpaka leo.