Jinsi ya kuongoza safari ya gari Bagamoyo, Tanga, Pangani mpaka Lushoto kwa siku 6

Juzi kati nilikuwa namwelekeza dada mmoja anayeanza kuongoza wageni, amepata kikundi cha wastaafu waliosoma pamoja na wanataka miji ya kale ya pwani halafu milima ya Usambara, sasa maswali yakawa mengi kwenye simu mpaka nikaona bora niandike yote sehemu moja. Naongelea kikundi cha watu 8 mpaka 12 kinachoanzia Dar. Habari za bei na kutafuta wateja simo, na kama unafanya kibiashara nachukulia leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, unayo tayari.

Hatua ya 1: Anza pwani, malizia mlimani

Wengine wanapeleka watu Lushoto kwanza halafu wanashuka Tanga. Mimi sikubaliani kabisa na hiyo. Pwani kuna joto na kuna kutembea kwa miguu kwenye magofu, hiyo kazi ifanyike watu wakiwa bado na nguvu, baridi ya mlimani iwe ndo mapumziko. Halafu stori yenyewe inapanda hivyo hivyo kutoka baharini kwenda juu, utaona mbele.

Ratiba yangu: siku ya 1 Bagamoyo na kulala hapo hapo. Siku ya 2 Bagamoyo kwenda Tanga mjini kupitia Msata na Segera. Siku ya 3 magofu ya Tongoni na mji wa Pangani, mnarudi kulala Tanga. Siku ya 4 mapango ya Amboni asubuhi kisha Lushoto. Siku ya 5 mlimani. Siku ya 6 kurudi Dar.

Ipo njia ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Saadani mpaka Pangani, na inavutia kweli, hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi. Ila ukiwa na kikundi usiiweke kwenye ratiba mpaka uongee na dereva aliyepita wiki hiyo hiyo akwambie hali ya barabara na ya kuvuka mto Pangani. Neno la aliyepita mwaka jana halikusaidii.

Hatua ya 2: Gari

Kosta inatosha kwa lami yote. Ila kama mnataka kufika Mtae, kijiji cha mlimani mbele ya Lushoto, chukua Land Cruiser mbili. Noah kwa mlima na mizigo ya watu saba mimi sipendi, inachoka.

Hatua ya 3: Kila mji mtafute mwenyeji

Hapa naomba unisikilize. Wewe ni kiongozi wa msafara, sio msemaji wa kila mji. Hata kama umesoma historia yote, kwenye magofu ya Kaole aongee mtu wa Kaole na Vuga, kule mlimani, aongee Msambaa. Wageni wanaona tofauti dakika ya kwanza tu, manake mwenyeji anawaonyesha nyumba ya babu yake wakati wewe unawatajia mwaka. Mpigie simu mapema, mkubaliane malipo kabla, na umwambie kikundi ni cha watu wa namna gani, kama kuna wazee wa magoti, kama kuna watoto. Kiingilio cha maeneo ya kihistoria unalipia kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali), kwa hiyo iombe kabla hamjafika getini, mtandao ukisumbua watu wasisimame juani. Risiti tunza.

Hatua ya 4: Bagamoyo

Anzeni Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali, ni kama kilomita 5 tu kutoka mjini. Misikiti ya mawe ya matumbawe, makaburi, mibuyu. Waambie watu kabla hawajashuka kwamba pale bado kuna watu wanaokuja kuomba dua, kwa hiyo kukaa juu ya kaburi kupiga picha hapana.

Mchana ingieni Misheni iliyoanzishwa 1868. Hapo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, na mimi kila mara naomba mwenyeji aanze na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliobeba ule mwili kwa miguu kutoka Zambia ya leo, ndo amtaje Livingstone. Halafu soko la msafara na ufukweni, pale ilipokuwa inaishia njia ya pembe na watumwa kutoka Ujiji. Jioni acheni watu watembee wenyewe mitaa ya Mji Mkongwe, milango ya kuchonga ipo ya kutosha.

Hatua ya 5: Tanga na Pangani

Siku ya 2 njiani kutoka Segera kwenda Tanga ndo pa kuanzia stori ya reli na mkonge, watu wakiwa wanaona mashamba dirishani. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge. Reli ilifika Mombo 1905. Kwa hiyo Muheza, Korogwe, Mombo, mnapita kando ya njia ile ile siku ya 4, na ukishaiweka hii kichwani mwa watu mapema, mlima hautakuwa mandhari tu kwao, watajua reli ililetwa mpaka chini yake.

Tanga mjini nendeni makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani, mzunguke mjini, mtaje vita ya Novemba 1914 pale Waingereza na jeshi lao kutoka India walipopigwa na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na nyuki wakaingilia, halafu Ngamiani mkale. Tanga haihitaji haraka.

Siku ya 3 Tongoni iko njiani kwenda Pangani. Makaburi ya nguzo ni mengi, na bahari iko hapo hapo. Pangani kwenyewe ongeleeni Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888 mpaka wakamnyonga hapo hapo Pangani Desemba 1889. Mchana kaeni mtoni, kodini boti. Ukiwaburuza kwenye kila jengo saa nane mchana watakuchukia.

Hatua ya 6: Kupanda mlima, Mombo mpaka Lushoto

Hii ndo hatua ya kusoma mara mbili.

Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 tu na ni lami. Ramani ya simu itakwambia muda mfupi na mteja atakuuliza kwa nini mnaondoka Tanga mapema hivyo. Usibishane naye, ondokeni. Ndani ya hizo kilomita mnapanda kama mita 1,000, barabara ni nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo la mto, na njia ni hiyo hiyo moja kwa mabasi, malori ya mbogamboga na bodaboda. Kikizima chochote mbele yenu, mmekaa. Kuna safari tulikaa chini ya Soni mpaka giza likaingia sababu lori la mbao lilizima katikati ya kona, huwezi kupita wala kugeuza kosta, watoto wanalia njaa, na watu walikuja na fulana za Tanga wakati baridi imeshashuka. Tangu hapo nina masharti yangu na siyalegezi kwa mteja yeyote.

Kwanza muda. Gari iwe imeanza kupanda kutoka Mombo saa 9 alasiri ikichelewa sana. Maana yake Amboni muingie mapema, saa 2 asubuhi muwe getini, na saa 5 muwe mmetoka Tanga. Mapango ni mazuri, watu watataka kubaki, na popo wanawafurahisha watoto, ila wewe shika saa. Kama kikundi chako kinajulikana kwa uzito wa kuamka, Amboni ipeleke siku ya 2 jioni au iache kabisa. Bora kukosa pango kuliko kupanda usiku. Usiku hakuna kupanda, mkichelewa laleni Korogwe au Mombo, ongea na nyumba ya wageni ya huko kabla ya safari ujue vyumba vipo.

Pili chakula. Msile mlo mzito Mombo halafu mkapanda hapo hapo. Kuleni Korogwe, kitu chepesi, na chai ya maziwa waiache. Wanaochefukwa wakae mbele, wasisome simu, madirisha yafunguliwe kidogo, tangawizi iwepo na mifuko iwepo mkononi mwa mtu sio kwenye buti. Uliza nani anachefukwa mkiwa bado Korogwe, sababu watu wazima wanaona aibu kusema mpaka mambo yaharibike.

Tatu dereva, na hili lina maneno mengi. Dereva mzuri wa Dar–Arusha sio lazima awe mzuri wa Lushoto. Muulize ameshapanda mara ngapi na gari ya ukubwa huo. Kupanda awe na gia nzito tangu mwanzo wa kona, asisubiri injini ilie, apige honi kwenye kona isiyoonekana, aangalie mshale wa joto. Gari ya otomatiki ishushwe gia kwa mkono, isiachwe ichague yenyewe. Mkisimama kwenye maporomoko ya Soni kupiga picha, gari iegeshwe nje ya barabara kabisa na kigingi kwenye tairi. Soni msiiruke, iko nusu ya njia, injini inapumzika, na mwenyeji wenu anaweza kuwapandia hapo, awasimulie Vuga na ufalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, mpaka mnafika juu.

Nne hali ya hewa. Masika, Machi mpaka Mei, udongo unaporomoka na barabara inaweza kufungwa, mimi miezi hiyo kikundi sipeleki. Vuli inawezekana ila uwe na siku moja ya akiba. Juni mpaka Agosti ni pakavu zaidi, lakini baridi ni ya kweli, na ukungu unaweza kuwafunika hata mchana, dereva awashe taa na apunguze. Majaketi yakae ndani ya gari, yasifungwe juu ya keria. Jaza mafuta kabla ya kupanda.

Hatua ya 7: Siku ya mlimani

Wenye kosta: asubuhi Irente, mnasimama ukingoni mnaona nyika yote ya chini mpaka macho yanachoka, kisha chakula cha mchana cha shambani, mkate, jibini na jamu. Mchana msitu wa Magamba na mwenyeji. Jioni Lushoto mjini, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal.

Wenye Land Cruiser: Mtae, kama kilomita 60 za njia mbaya, ondokeni kukiwa bado na giza kidogo. Kijiji kiko juu ya ukingo wenyewe. Ukishafika salimieni wazee kwanza, shikamoo zenu ziwe kamili, kamera baadaye.

Msitu wa Amani naulizwa sana. Iko upande wa mashariki mnapandia Muheza, ni safari yake yenyewe, usiibane humu.

Hatua ya 8: Kushuka

Saa 1 asubuhi gari iwe imewashwa. Usiku wake dereva awe amelala, sio amekaa na wageni kwenye moto. Kushuka gia ile ile aliyopandia, mguu usikae juu ya breki muda wote, mkisikia harufu ya kuungua simameni palipo pana msubiri zipoe, msimwagie maji. Matunda nunueni Lushoto au Soni, mafyulisi na peasi kwa msimu wake, yawekwe kwenye matenga sio mifuko ya plastiki, la sivyo Segera mtakuwa na juisi. Kuanzia Mombo kurudi Dar kuna tochi za polisi za kupima mwendo vijijini, kwa hiyo 50 ni 50, na mteja mwenye ndege jioni ya siku hiyo hiyo mwambie mapema kabisa aihamishie kesho yake.